Njaa ya Miguu ya Albion

Ijumaa asubuhi, wachezaji wa Ramsclough Albion walipomaliza kuuzunguka uwanja wa Gas Street, mara wakikimbia, mara wakitembea kwa sababu ya tope, mkufunzi Jabez Duckworth aliwapangia mabeseni ya maji moto yenye chumvi. Wakakaa kwenye mabenchi, wakakunja suruali, wakatumbukiza miguu. Miguu ikaanza kunguruma.

Ilianza ya golikipa, kama kawaida yake. Ikafuata ya mabeki, kisha yote kwa pamoja, mpaka maji yakawa yanatetemeka mabesenini. Hakuna aliyeinua macho. Mmoja alikuwa anasoma habari za mbio za farasi, mwingine anaomba kiberiti. Mlango ukafunguliwa, na Bwana Ormerod, mwenyekiti wa klabu na mwenye kiwanda cha pamba, akasimama kizingitini na kofia yake kichwani. Hakuingia. Aliinamisha kichwa upande mmoja akasikiliza, kama mtu anayesikiliza saa yake ya mfukoni.

"Njaa safi kabisa," alisema. "Kesho tunawatafuna hawa."

"Tuko mkiani, bwana," alisema meneja, Enoch Tattersall, aliyekuwa ameegemea ukuta. "Tumekuwa tukinguruma hivi tangu Septemba, na tuko mkiani."

"Basi wanahitaji njaa zaidi," alisema Bwana Ormerod, akaenda zake kunywa chai.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mechi ya Jumamosi ikiisha, mpira ulifungiwa kabatini, ofisini kwa mwenyekiti, na haukutoka mpaka Jumamosi inayofuata. Katikati ya wiki mchezaji alikimbia, aliruka kamba, alitembea masafa marefu barabarani amevaa sweta, lakini mpira hakuonjeshwa. Walisema asipouona wiki nzima atakuwa na njaa nao, na siku ya mechi ataukimbilia. Vilabu vingi vilifanya hivyo, wala hakuna aliyeuliza nani alianzisha. Miguu ya wachezaji ilisikia neno njaa ikalifuata kama ilivyoambiwa. Hapa mjini matumbo yalinguruma sana miaka ile, kwa hiyo miguu nayo ilipoanza, watu hawakuona la kusimulia.

Enoch aliijua njaa hiyo kuliko wote. Alitolewa kwenye mashine za kufumia akiwa kijana, mwembamba, mwenye mbio, akawekwa winga ya kushoto, na mwezi haujaisha miguu yake ikaanza kunguruma kanisani. Mchungaji alizoea kusubiri inyamaze ndipo aendelee na sala. Selina, mfumaji aliyekuwa anakaa benchi la mbele yake, aligeuka siku moja akamwambia, "Wewe, iambie miguu yako ikae kimya, mchungaji anadhani unampinga." Mwaka uliofuata wakaoana. Selina alijifunza kulala na kelele ile chini ya blanketi, kama wengine walivyojifunza kulala karibu na reli.

Kabla ya vita Albion walifika nusu fainali ya Kombe. Treni nzima ilijaa watu wa Ramsclough, na kila mtu amechomeka utepe wa kijani kofiani. Zikiwa zimebaki dakika chache, bado hakuna bao, mpira ukamfikia Enoch mbele ya lango. Golikipa alikuwa amelala chini kwenye tope. Hapakuwa na mtu mwingine. Enoch akauinua mguu wa kushoto apige, na mguu ukakataa. Uliushukia mpira, vidole vikakunjama ndani ya njumu, ukaukumbatia. Ulikuwa haujala wiki nzima, na sasa umepewa, haukuona sababu ya kukigawa chakula chake, hata kwa wavu. Enoch aliuvuta kwa mikono miwili. Beki akaja, akamwangusha, akaondoka na mpira. Wakafungwa bao moja mwishoni kabisa.

Gazeti la Jumatatu lilimwita mchoyo. Neno hilo lilimwuma kuliko kile kipigo, kwa sababu Enoch hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kumega mkate wake akampa mwenzake kabla hajaombwa. Kwa miaka mingi, akinyoa ndevu, akifunga kamba za viatu, alikuwa anaacha ghafla na kusema peke yake, "Ungelishwa Jumanne tu. Jumanne moja tu."

Vita vilipokwisha, goti lake moja lilikuwa limekwisha pia. Bwana Ormerod akamfanya meneja, akampa nyumba ya klabu, ya matofali, nyuma ya jukwaa. Umeneja wa siku zile ulikuwa kazi ya kubeba lawama. Wakurugenzi ndio waliochagua timu, wakivuta sigara zao, na meneja akaenda kuitangaza. Wakishinda, wakurugenzi wana jicho la mpira. Wakifungwa, meneja hafai. Enoch alivumilia yote hayo kwa sababu moja tu: alidhani sasa atapata Jumanne yake. Kila kiangazi alivaa koti lake zuri akaenda kuiomba.

"Jumanne, bwana. Saa moja tu na mpira."

"Enoch, wewe mwenyewe ulilelewa hivi hivi, ukafika nusu fainali."

"Na kwenye nusu fainali nilifanya nini?"

"Hukuwa na njaa ya kutosha," alisema Bwana Ormerod kwa upole, kwa sababu alimpenda. "Mtu akishiba analala. Naliona hilo kiwandani kila siku." Bwana Ormerod alikuwa na tumbo la kumtangulia mlangoni, na alikuwa halali hata mchana. Enoch aliliona hilo kila kiangazi, na kila kiangazi alirudi nyumbani akapiga teke ndoo ya makaa.

Msimu huu ninaousimulia, hali ilikuwa mbaya kupita zote. Jumapili moja ya Februari, baada ya kanisa, aligonga mlango Clem Entwistle, mshambuliaji wa kushoto, kijana bora kuliko wote aliowahi kuwasimamia. Alikuwa ameshika njumu zake mkononi.

"Samahani, Bwana Tattersall, kukusumbua siku ya Mungu."

"Ingia, mwanangu. Selina, chai."

Clem akakaa, akavua viatu, akatoa kwanza magazeti aliyoyasokomeza ndani, na yalikuwa mengi. Kisha akanyoosha miguu mbele ya moto. Ilikuwa midogo, myembamba, imeparara, na soksi zake zilikuwa nyekundu zenye maua.

"Hizi soksi ni za binti yangu," alisema Clem. "Mke wangu alinipa kwa utani. Nikavaa, zikanienea. Hakuna aliyecheka."

Miguu ya Clem ilinguruma kidogo, kwa unyonge. Miguu ya Enoch ikaitikia kutoka chini ya meza.

"Jana sikuuhisi mpira kabisa," aliendelea Clem. "Nausubiri, unakuja, halafu sijui kama nimeugusa au la. Tukishuka daraja watanirudisha kiwandani, na kiwandani kwenyewe wanafukuza watu. Nina watoto, bwana. Niambie nifanye nini."

Uso wa Enoch uliwaka kwa hasira, na hasira haikuwa na mtu wa kumwangukia mle chumbani. Selina ndiye aliyesema. Yeye naye alikuwa amesimamishwa kazi tangu Krismasi, pamoja na wafumaji wote wa banda la tatu.

"Banda letu limebaki tupu," alisema, akimimina chai. "Mashine wameziuza zote, sakafu ni nyeupe pe. Mlinzi ni Walt, mdogo wangu. Na mpira ni nini kwani? Nipeni matambara, nitawashonea."

"Selina, lile ni banda la Ormerod."

"Nimesimama mle ndani tangu nikiwa msichana," alisema Selina. "Ormerod kasimama siku ngapi?"

Jumanne wachezaji waliaga kwamba wanakwenda matembezi yao ya barabarani, wamevaa masweta, Jabez mbele yao. Walipofika kona ya kiwanda, wakakata kulia. Mpira wa Selina ulikuwa mabaki ya vitambaa, umekazwa, umeshonwa kwa uzi mara mbili, mzito kiasi chake. Aliuviringisha sakafuni, na miguu yote ikaacha kunguruma kwa mara moja, kama mbwa wanapoona sahani.

Mwanzoni ilikuwa fujo. Aliyeupata mpira hakuachia. Miguu iliukumbatia, wengine wakamvuta mwenzao kwa sweta, golikipa akamkalia beki. Clem alipoupata alikaa nao chini, katikati ya banda, nyayo zimeubana pande mbili, machozi yanamtoka, na Enoch akakataza asisumbuliwe. Ilipita sehemu kubwa ya mchana. Hatimaye mguu wa kulia wa Clem ukalegea, ukatulia, ukausukuma mpira kwa mwenzake bila kuambiwa. Enoch akageukia ukuta, akapenga kamasi kwa muda mrefu. Alikuwa ameusubiri msukumo ule mdogo tangu nusu fainali.

Wafumaji walianza kuja kutazama, kina mama wa banda la tatu, wamejifunga mashali, hawana kazi nyingine ya kufanya. Hawakupiga kelele hata kidogo. Kiwandani mashine zinavuma mpaka husikii sauti yako mwenyewe, kwa hiyo wafumaji wa kwetu wanaongea kwa midomo tu, wanasomana, na wanaweza kusemana umbea kutoka ukuta mpaka ukuta bila kutoa pumzi. Walishangilia namna hiyo. Mpira ukiingia kati ya madebe mawili, kina mama wote wanafungua midomo kwa pamoja, mikono juu, na banda liko kimya kabisa. "Clem, umenenepa vidole!" mmoja alimwambia kwa midomo, na Clem, aliyelelewa chini ya mashine, akamjibu vivyo hivyo, "Mama, acha uchokozi, mke wangu anasoma."

Miguu ilishiba. Magazeti yakatolewa kwenye njumu, gazeti baada ya gazeti. Jumamosi ya kwanza wakatoka sare, ya pili wakashinda, kisha wakashinda tena ugenini kwa mabao manne. Mpira ulikuwa ukimfika mtu, anauachia kwa mwenzake, bila ugomvi. Bwana Ormerod alitembea mjini akiwa ameinua kofia. "Njaa hiyo," aliwaambia watu. "Mnaona sasa? Njaa." Enoch alisikia, akatafuna sharubu zake. Zilikuwa zimebaki mechi chache tu. Alijiambia kwamba wakinusurika ndipo atasema, na hapo hawataweza kumbishia.

Hakuna aliyewasaliti. Ijumaa ya majuma mawili kabla ya mechi ya mwisho, Bwana Ormerod alifungua mlango, akainamisha kichwa, na hakusikia kitu. Miguu ilikuwa imelala mabesenini, minene, myekundu kwa joto la maji.

"Mbona kimya?" aliuliza.

"Imeshiba, bwana," alisema Enoch.

"Nani kailisha?"

"Mimi."

"Kwa mpira wa nani?"

"Wa mke wangu. Kaushona mwenyewe."

"Na wapi?"

Enoch alimwambia. Bwana Ormerod akavua kofia kwa mara ya kwanza mle chumbani. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha.

"Enoch, nimekupa kazi, nimekupa nyumba. Unaingia kwenye banda langu, unawalisha watu wangu bila kuniambia."

"Tumeshinda, Bwana Ormerod! Umeona mwenyewe! Ugenini, mabao manne! Walishindaje?"

"Kwa njaa iliyobaki," alisema Bwana Ormerod. "Na sasa umeimaliza, na mechi yenyewe haijafika. Banda nalifunga leo. Walt hana kazi. Na wewe, kama unaitaka ile nyumba, waambie hapa hapa, nisikie, kwamba kinachoshinda ni njaa."

Enoch aliwatazama wachezaji. Wote walikuwa watoto wa wafumaji, kila mmoja wao. Akafungua mdomo, akasema polepole, kwa ufasaha, bila sauti hata chembe: "Huyu mpumbavu hajawahi kushinda na njaa hata siku moja maishani mwake." Vichwa vikainama juu ya mabeseni. Mabega ya golikipa yalikuwa yanatikisika.

Bwana Ormerod hakuwahi kusimama kwenye mashine. "Sijasikia. Kasema nini?"

"Kasema ni njaa, bwana," alisema Jabez Duckworth, huku anakunja taulo. "Koo lake bovu leo."

Basi Enoch akabaki na nyumba yake, kwa majuma mawili. Banda likapigwa kufuli kubwa, Walt akaenda kupanga foleni na wengine wasio na kazi, mpira wa matambara ukarudi jikoni kwa Selina. Jumatano ya kwanza miguu ya golikipa ilianza. Kufikia Ijumaa miguu yote ilikuwa inanguruma, na ilinguruma vibaya zaidi ya zamani, kwa sababu sasa ilijua inanyimwa nini. Bwana Ormerod alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Clem aliomba magazeti kwa jirani.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Thornley Town, na sare ingetosha. Mji wote ulikuja, na upande wa Gas Street walisimama kina mama wa banda la tatu na mashali yao. Thornley walipata bao mapema. Albion walikimbia, walikimbia sana, hakuna anayeweza kusema hawakukimbia. Lakini kila aliyeupata mpira alikaa nao mpaka akanyang'anywa, na jukwaani watu walianza kutukana.

Karibu na mwisho golikipa wa Thornley aliteleza, na mpira ukamfikia Clem mbele ya lango tupu. Enoch, pembeni ya uwanja, alijua kabla mguu haujashuka. Mguu mdogo wa Clem uliushukia mpira, ukaukumbatia, ukajikunja.

Kina mama wakafungua midomo wote pamoja: achia. Enoch naye alisahau kwamba anaruhusiwa kupiga kelele, akawa anasema kwa midomo tu, "Achia, mwanangu. Achia, utakula tena." Clem alimwona. Aliyasoma maneno yote, na alikuwa analia. Mguu haukujua kusoma. Beki akaja.

Albion wakashuka daraja. Jioni ile ile wakurugenzi walimwita Enoch wakamshukuru kwa utumishi wake, na Bwana Ormerod, ambaye kweli alikuwa na huzuni, alimshika bega. "Nilikwambia, Enoch. Haikutosha. Njaa haikutosha." Enoch alitaka kumjibu. Alikuwa na majibu ya maisha mazima, yamejaa kifuani, na alipofungua mdomo yalitoka bila sauti, na mezani pale hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuyasoma. Meneja mpya alikuwa kijana msikivu kutoka mji mwingine. Msimu uliofuata, kwa pendekezo la mwenyekiti, wachezaji walianza kunyimwa hata ule mpira wa kupashia misuli kabla ya mechi.

Enoch na Selina walihamia kwa dada yake Selina, chumba kimoja juu ya duka la utumbo na siki. Jumamosi, saa tisa alasiri ikifika, miguu ya Enoch inanguruma, naye anakunja gazeti. Selina anautoa mpira wa matambara kwenye kapu na kuuviringisha chini ya meza. Clem, ambaye klabu ilimwacha na kiwanda hakikumtaka, huja akavua viatu mlangoni na kukaa upande wa pili. Mpira unakwenda kwa mzee, unakaa, unarudi kwa kijana, unakaa, na baada ya muda miguu inauachia yenyewe, taratibu, kwa zamu.

Jumamosi moja ya Novemba miguu yote minne ilikuwa imenyamaza, na bado mngurumo ukasikika chumbani.

Clem akachungulia chini ya meza. "Ni yangu hiyo, mama?"

"Hapana, mwanangu. Hiyo ni mimi," alisema Selina, akakata mkate uliobaki vipande vitatu.

Chini barabarani Bwana Ormerod alikuwa anarudi kutoka uwanjani, ambako Albion walikuwa wamefungwa tena. Alisimama mbele ya duka, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza dirisha lile, kisha la jirani, kisha mtaa mzima, nyumba hadi nyumba. Uso wake ukachangamka.

"Njaa safi," alimwambia dereva wake. "Mwakani tunapanda."

Selina akainuka, akafunga dirisha.